Njia Niliyoifuta

Usiku ule wa kuamkia mkutano wa barabara nililala na nguo za kazini, taa inawaka, kompyuta iko wazi kando yangu kitandani. Sikuwa nimejiandaa kumpokea mtu. Mwalimu Sengo alikuwa amefariki miezi minane nyuma, na kwa miezi yote minane nilikuwa nimejitahidi nisimfikirie.

Alinifundisha hesabu na uchoraji wa kiufundi sekondari, hapahapa Dar es Salaam. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na kila siku alikuja shuleni kwa baiskeli, mguu wa kulia wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo usiingie kwenye mnyororo. Ni yeye aliyeniambia ninaweza kuchora. Kwa sababu yake niliajiriwa kwenye ofisi ya wahandisi, kazi yangu kuchora barabara.

Basi, katika ndoto nilikuwa ofisini. Mwalimu aliingia akisukuma baiskeli yake katikati ya meza, na wenzangu hawakuinua macho. Nilisimama kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Katika maisha yake yote sikuwahi kumwona akiamkiwa asiitikie. Aliegemeza baiskeli kwenye kabati la mafaili, akaja kuinamia mchoro uliokuwa mezani kwangu, akaweka kidole chake kwenye ukanda mwembamba wa kijani, kati ya njia za magari na mtaro.

Huo ukanda ninaujua. Uliwahi kuwepo kweli. Ilikuwa njia ya baiskeli, upana mita moja na nusu, imetengwa na magari kwa ukingo wa zege. Niliichora mwenyewe miaka minne iliyopita, kabla barabara ile haijajengwa. Mchana mmoja Injinia, mkuu wetu, alikuja mezani kwangu akasema wanataka njia ya tatu ya magari, kwa hiyo ule ukanda uondoke.

"Wenye baiskeli watapita wapi?" niliuliza.

"Watajibana pembeni. Wamezoea."

Nikaufuta. Haikunichukua hata muda wa kumaliza glasi ya maji. Barabara ikajengwa, ikazinduliwa, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mwalimu Sengo aligongwa kwenye kipande hichohicho akitoka shuleni, na gari lililopanda pembeni kukwepa foleni.

Kwenye msiba wake, mjane wake, Mama Neema, alinishika mkono mbele ya waombolezaji. "Huyu ndiye Zuhura," aliwaambia. "Mwalimu kila akipita pale alikuwa anasema, hii barabara kaichora mwanafunzi wangu." Nikasema pole, mama, nikaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria.

Sasa, ndani ya ndoto, Mwalimu hayuko tena mezani, wala meza haipo. Nimekaa kwenye keria ya baiskeli yake, miguu upande mmoja, nimevaa sketi ya shule, kama siku ile nilipougua homa darasani akanipeleka zahanati. Ni alasiri. Jua linawaka lakini hakuna kivuli cha kitu chochote, si cha nguzo, si cha baiskeli, si chetu. Upande wetu wa kulia magari yamejipanga kwenye foleni, injini zinanguruma, vioo vimepandishwa. Ninachungulia moja, halafu jingine. Hakuna mtu ndani. Yote hayana watu.

Tunapita kwenye ukanda wa kijani, rangi yake ileile ya kwenye mchoro. Nimelishika shati la Mwalimu kiunoni. Shati limelowa. Sitaki kuangalia viganja vyangu, na siviangalii.

"Shika vizuri," anasema bila kugeuka. "Hapa njia inaisha."

Inaisha kweli. Imekatika kama nilivyoikata, mstari mmoja ulionyooka, na baada ya hapo ni mtaro upande huu na matairi upande ule. Mwalimu hapunguzi mwendo. Tunapita mahali ambapo hata mtembea kwa miguu angejigeuza ubavu. Ninasikia pumzi yake, ya mtu mzima anayepanda mlima, ingawa barabara ni tambarare.

"Mwalimu, tushuke tukokote."

Anazidi kukanyaga pedeli. Nataka kuruka, miguu haifiki chini. Kisha mngurumo wa injini unakatika wote kwa pamoja, na kimya kinachoingia ni kile cha nyumba ambayo watu wametoka kuzika. Mwalimu anakanyaga chini. Anageuza uso kwa mara ya kwanza. Hana jeraha. Ana vumbi la chaki kwenye nyusi, kama zamani.

"Mimi nimeshapita, Zuhura," anasema. "Geuka."

Ninageuka. Nyuma yetu wanakuja, mmoja nyuma ya mwingine, msururu ambao mwisho wake siuoni. Wa kwanza ni Babu Chande, mlinzi wa ofisi yetu, ambaye jioni ileile aliniaga getini akiwa mzima wa afya. Nyuma yake yuko dada anayeniletea mchicha asubuhi, tenga lake limefungwa nyuma. Wako wanaume wenye kreti za mkate. Wako wasichana wawili wa shule kwenye baiskeli moja, mmoja amemkumbatia mwenzake kiunoni. Wote wanaangalia gurudumu la mbele, na wote wanasogea pale ambapo njia inaisha.

Ninataka kupiga kelele. Mdomo umejaa unga mkavu, ninautema na unajaa tena. Babu Chande ananiona, anainua mkono kunisalimia kama anavyofanya kila siku, na kwa kuinua mkono baiskeli inayumba.

"Hawa bado," anasema Mwalimu.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na nilikuwa nimekaa wima, mgongo umeloa jasho. Nilirudia yale maneno kwa sauti ili nisiyapoteze. Hawa bado.

Mkutano wenyewe ulikuwa saa nne, kwenye ukumbi wa kata. Barabara ileile ilikuwa inatakiwa kurefushwa mpaka sokoni, ikipita mbele ya shule mbili, na watumiaji wa baiskeli walikuwa wanakuja kuomba njia yao. Kazi niliyopewa ilikuwa kuonyesha michoro na kueleza kwamba nafasi haitoshi. Nilijua inatosha, kwa sababu niliipima mwenyewe.

Nikaamua kusema ukweli. Lakini kabla ya ukumbini niliona kuna mtu hapaswi kulisikia jambo hili hadharani. Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mama Neema. Alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza kuhusu ule ukanda, alivyosema Injinia, kwamba mkono uliofuta ulikuwa wangu, na kwamba ningeyasema hayo mkutanoni siku ileile. Ndoto sikumweleza. Niliona ningeitaja ningekuwa ninajificha nyuma ya mumewe. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele, kisha vikatulia.

"Alijua?"

"Hapana, mama. Sikuwahi kumwambia."

"Na alikuwa anakusifu kwa watu."

"Ndiyo, mama."

Jirani alipita akasalimia, naye akaitikia vizuri tu. Mwishowe aliweka ungo chini.

"Huo mkutano ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ningoje nibadilishe nguo."

Ukumbini alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Injinia alieleza kuhusu foleni na maendeleo ya jiji. Dada mmoja wa watumiaji wa baiskeli akauliza njia yao iko wapi, Injinia akasema kwa upole kwamba wangependa sana, ila nafasi hairuhusu, na mchoraji wetu ataonyesha. Nikasimama.

"Nafasi inatosha," nilisema. "Njia ya baiskeli ilikuwepo kwenye mchoro wa kwanza. Niliifuta mimi."

Nikauweka mchoro wa zamani ukutani kwa projekta, na ule ukanda ukaonekana.

"Zuhura, kaa chini," Injinia alisema taratibu.

Sikukaa. Mwenyekiti wa mkutano aliuliza nani aliniagiza, nikasema ofisi, lakini ningeweza kukataa na sikukataa. Minong'ono ilipotulia, Mama Neema alinyanyuka. Hakujitambulisha.

"Huo upana mlioukata ni kiasi gani?"

"Mita moja na nusu, mama," alijibu Injinia.

Aliweka mkoba kwenye kiti, akanyoosha mikono yake miwili kushoto na kulia, akaangalia kiganja hiki, akaangalia na kile.

"Kumbe ni hapa tu," alisema, akaketi.

Mwenyekiti aliagiza michoro irudishwe ikarekebishwe. Kipande cha kwenda sokoni sasa kinajengwa, na nimeuona ukingo wa zege kwa macho yangu, mbele ya shule zote mbili. Kipande cha zamani, kile alichofia Mwalimu, hakijaguswa. Mimi na watumiaji wa baiskeli tumeshapeleka barua tatu na tunaandika ya nne. Mimi niliondolewa kwenye mradi wiki ileile, na mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Siku hizi ninachora nyumba za watu.

Siku ile, baada ya mkutano, Mama Neema alikataa nimwitie gari. Tulitembea kwa miguu, yeye upande wa ndani, mimi upande wa magari, na kila baiskeli ilipokuja tulisimama tukaipisha. Hakusema kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Tulipofika kwake alifungua mlango, akaniambia niingie, mchele haujaisha kuchambuliwa.