Jembe la Mama Darajani

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha historia hapa Iringa, na kila mwaka niliwapeleka wanafunzi kwenye daraja la mawe, bondeni chini ya Kihesa, nikawaambia bila kusita kwamba lilijengwa na Mjerumani. Huku kwetu chochote cha mawe ambacho hakijaanguka ni cha Mjerumani. Mama yangu anakaa hatua chache tu kutoka hapo, na sikuwahi kumuuliza.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, niliombwa niandike maneno ya kibao kitakachowekwa darajani. Nikamsomea mama nilichoandika. Alikuwa anachambua maharage, akaacha. Akasema daraja lile walijenga wao, wakati wa Mwingereza, yeye akiwa msichana wa kubeba mawe kichwani. Siku moja jiwe la chini lilikuwa linacheza, fundi akaomba kipande cha chuma cha kulikaza, naye akachomoa jembe lake kuukuu kwenye mpini, akampa. Nyumbani hawakumwamini. Bibi alimwita mpoteza jembe mpaka anaingia kaburini, na ndugu zake wanamtania hivyo hadi leo, harusini na misibani.

Nakiri kwa aibu kwamba hata mimi sikumwamini. Nilimwambia historia inataka ushahidi. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Mwalimu," akasema, "upande wa Kihesa, jiwe la tatu toka chini. Nenda kaangalie."

Kilikuwa kiangazi, maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Nilikwenda na injinia kijana aliyesimamia ukarabati wa daraja, na mama akashuka nasi kwa fimbo yake, akikataa kushikwa mkono. Injinia alikunja suruali, akahesabu mawe, akakwangua kwa bisibisi. Hakukuwa na kitu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji mama. Yeye akamwambia kijana kwamba jiwe la kwanza limefukiwa na tope, kwa hiyo ashuke moja. Akashuka, akakwangua. Ukatokea ukingo wa chuma mwekundu kwa kutu, na ncha ile inayoingia kwenye mpini.

Nililia, wala sioni haya kusema. Mama hakulia. Alipiga kigelegele kirefu, wapita njia juu yetu wakainama kuchungulia. Picha zikapigwa, na kabla jua halijazama ndugu zake wote, hadi wa Nyololo, walikuwa wameziona kwenye simu.

Injinia akamuuliza kwa heshima, "Bibi, tukuchomolee?"

"Liache hapo hapo. Ukilitoa daraja litaanguka, mtajenga lingine, halafu huyu mwalimu atawafundisha watoto kwamba ni la Mjerumani."

Nilichana karatasi yangu pale pale. Kibao kilichopo sasa kinasema daraja hili lilijengwa na watu wa hapa, wanaume na wanawake, na kwamba jembe la mmoja wao bado liko kazini.