Mvua Ikinyesha, Jirani Anazibua

Watu wa mtaa wetu huku Boko huomba mvua. Mie naiogopa.

Kisima changu kiko bondeni, karibu na kijito. Zamani kijitoni tulikuwa tunafua, watoto wanaoga. Sasa nyumba zimejaa mpaka ukingoni, na kuna tabia kila mtu anaijua ila hasemi: mvua kubwa ikipiga, watu wanatapisha vyoo. Wanazibua bomba, uchafu wote unaporomoka kijitoni, na kesho yake wanakuamkia kama hawajafanya kitu.

Masika haya jirani yangu wa juu alizibua mchana kweupe. Nilisikia nyundo, nikamfuata na mwavuli.

"Shikamoo bibi. Utalowa!"

"Marahaba. Ziba hilo bomba."

"Aa, bibi, mvua ya Mungu hii, inasafisha yenyewe."

"Mungu hakuchimba choo chako. Ziba!"

Akacheka. Mkewe akadakia dirishani, "Bibi naye, kajifanya bwana afya!"

Kijito kikafurika, kikaingia kisimani. Mie huchemsha maji ya kunywa, lakini mjukuu wangu, wa darasa la kwanza, akitoka kucheza hujichotea tu ndooni. Akaanza kuhara maji matupu. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, macho yameingia ndani, mikono ya baridi. Njiani niliogopa hata kumwita, nisije nikaita asiitike.

Alipona. Nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti akanisikiliza, akasema, "Sheria ipo, mama. Ila bwana afya lazima amkute mtu anatapisha."

"Na anakujaga lini?"

"Mvua ikikatika. Njia hazipitiki."

"Basi sheria yenu inaogopa kulowa."

Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama. Nikasema sheria iongezwe nguvu: vyoo vikaguliwe kabla ya masika, na bomba lolote linaloelekea kijitoni liwe kosa, hata likikutwa kavu. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ilinyooka mingi. Jirani yangu naye alinyoosha wake, ananitazama, anatabasamu. Hapo ndipo hofu iliponiingia kabisa.

Jana wingu lilitanda upande wa kilima cha Wazo. Nikafunika kisima, nikaweka jiwe juu, nikamwita mtoto ndani.

"Bibi, mbona unaniita na mvua haijaja?"

"Nyamaza," nikamwambia. Nilikuwa nasikiliza kule juu, kama kuna nyundo.