Nyumbani kwa Baba, kwa Karatasi

Baba yangu alikuwa polisi, na macho yake yaliona hata usichotaka akione. Katika kambi ya polisi tulipokulia, ukificha andazi nyuma ya mgongo, ameshaliona. Kwa hiyo daktari aliposema kuwa presha ya macho imeshaharibu sana, na kwamba uoni uliopotea haurudi, mimi ndiye niliyelia. Yeye aliuliza tu amebakiwa na muda gani. Daktari akasema labda miezi, si mingi.

Alitaka kuona kitu kimoja: nyumbani kwao kaskazini, jinsi palivyokuwa kabla vita havijapateketeza. Picha hakuna, hata moja. Alikuwa akinisimulia kwa Kiswahili chake cha kambini: kilima cha mawe kwa nyuma, mkwaju, nyumba ya mviringo, ghala la mtama, ua wa miti. Nikajiambia, basi nitamtengenezea apaone.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya karatasi. Nina rafiki Mkongomani pale mtaa wa Ntinda anayetengeneza kadi za harusi. Ana mashine ndogo inayopokea mchoro kutoka kwenye kompyuta na kuukata kwa kisu chembamba. Alinionyesha picha ya swala msituni: karatasi kadhaa nzito, kila moja imekatwa kivyake, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya nyuma nzima, ya mbele yamebaki matawi tu. Kati ya moja na nyingine ameweka vipande vya sponji vyenye gundi, ndiyo maana picha ina kina. Nikapiga makofi. Hii hii!

Akaniambia nianze na mchoro ulio tayari, nizoee kwanza. Mimi tena? Nimsikilize nani? Nilikaa kwenye kompyuta yake nikachora kwetu mwenyewe, tabaka moja moja: kilima, mti, nyumba, ghala, ua. Ilipofika kukata, nikaona kila mchoro umeacha karatasi nyingi tupu pembeni, roho ikaniuma. Kwetu kambini mtu hatupi hata ganda la sabuni. Nikauvuta kila mchoro mpaka ukajaza karatasi yake, nikajipongeza kwa ubahili wangu.

Banange, jamani! Nilipozipanga, nyumba ilikuwa kubwa kuliko kilima, na ua umepita katikati ya mlango. Rafiki yangu alicheka mpaka akashika meza.

"Yaya, mkubwa wangu, hizi karatasi ni familia moja," akaniambia. "Ukigusa ukubwa wa moja, uguse zote pamoja. Ile nafasi tupu iache, nayo ina kazi."

Nilinuna siku nzima. Kisha nikarudi, kwa sababu macho ya Baba yalikuwa hayanisubiri. Nilijifunza kukaza karatasi kwenye ubao unaonata ili isiteleze, na kubandua polepole, maana nikivuta kwa hasira, na mimi hasira ninazo, matawi yanakatika. Mkwaju nimeukata tena na tena. Mara nyingine naharakisha, naharibu, naanza upya huku nikiilaani mashine ya watu.

Na nilichelewa. Siku niliyoibeba picha kutoka Ntinda, imetiwa kwenye fremu nzuri ya kina, Baba alikuwa hatofautishi tena dirisha na ukuta. Nilikuwa nikijua hali inazidi, lakini nilijidanganya kwamba chembe ya mwanga imebaki. Nilimwekea picha mapajani. Niliumia, na nilijikasirikia sana.

Akapitisha kiganja juu yake.

"Hii iko nini? Glasi?"

"Ni kioo, Baba. Kinazuia vumbi."

"Toa."

Nilikwenda kuchukua kisu cha jikoni, nikang'oa vibanio vya fremu, nikakitoa kioo. Akaanza na kidole kimoja. Kikapanda juu ya ua, kikashuka nyuma yake, kikaukuta ukuta wa nyumba, kikazunguka paa. Akaweka na mkono wa pili. Mkwaju aliutambua bila kuambiwa. Kule nyuma kabisa vidole vyake vikagusa kilima na kutulia hapo muda mrefu.

Kisha akarudi mbele, kwenye mlango, akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Akakunja uso.

"Nani aliweka ghala hapa?"

"Mimi, Baba."

"Iko upande mbaya. Mama yangu akitoka na ungo, ghala ilikuwa mkono ya kushoto. Hapa kulia ndiyo alikuwa anakaa, jua ikipanda."

Moto ukanipanda kichwani. Kazi yote ile! Nikafungua mdomo nimjibu. Halafu nikamwangalia. Alikuwa ameinua uso kidogo, kidole chake kimesimama pale kulia, kati ya mlango na ghala, kwenye ile karatasi tupu niliyoona uchungu kuiacha, na alikuwa akimtabasamia mtu aliyekaa pale.

"Usimsumbue," akasema. "Ghala utakata kesho."