Maksai Wawili wa Nambis

Siku yangu ya kwanza kazini kama bwana mifugo, Ofisa Mifugo wa Wilaya alinipeleka kijiji cha Nambis mwenyewe. Njiani, baada ya kuona ninavyowajibu watu kwa mkato, aliniuliza, "Kijana, ng'ombe akikupiga teke unamsamehe. Mtu akikuuliza swali mara mbili unavimba. Kwa nini?" Nilicheka tu.

Mwaka wa pili tulichanja dhidi ya chambavu, ugonjwa unaovimbisha paja la ng'ombe kijana na kumuua kwa siku moja au mbili. Chanjo hukaa kwenye kasha la barafu, na ikipata joto inaharibika. Watu walichelewa, barafu ikaanza kuyeyuka, nami nikachemka. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja kwenye kibanio, ule uchochoro wa miti wa kuwabana. Mzee Tluway alibaki ng'ambo ya korongo na ng'ombe wake watano.

"Baba, leta ng'ombe!"

"Maliza wa wenzangu, halafu uje huku."

"Mimi nikufuate wewe? Kwani wewe ni mkuu wa wilaya?"

Mama mmoja akaanza, "Bwana mifugo, huyu mzee..."

"Nyamaza! Nimekuuliza wewe?"

Nikafunga kasha nikaondoka, chanjo ya kuwatosha ikiwa imebaki.

Baada ya wiki mbili chambavu iliua maksai wake wawili, vijana, ndio kwanza wamefundishwa kukokota jembe. Mwenyekiti wa kijiji akanieleza: nyumba ile ilikuwa imezika mtoto, na kwa mila, mpaka muda wa msiba uishe, wao na mifugo yao hawachangamani na wengine.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulianza kusema. Ukatunyamazisha."

Kwa mwiko huohuo, hakuna aliyeweza kumwazima mzee maksai. Nilimkuta akilima kwa jembe la mkono, peke yake. Nikasimama mpakani mwa shamba na kasha langu la chanjo.

"Shikamoo, baba. Nimekosa."

"Marahaba. Umekosa kweli." Hakuacha kulima. "Watatu wamebaki. Chanja."

Nikachanja.

Baadaye nilihamishiwa Gitting, kisha Katesh. Hasira haikuisha. Ila nilianza kumuuliza mtu, "Una shida gani?" kabla ya kumfokea, na mara nyingi alikuwa nayo. Siku zingine nilisahau, nikafoka.

Nilipostaafu, mkuu wangu wa Katesh alinisifu mbele ya watumishi kwa subira. Wakapiga makofi. Sikuwaambia nilijifunzia kwa ng'ombe wa nani.