Nyumba Isiyo na Sukari

Mwenzangu wa chumba huko Euless, Marekani, alikuwa Mrundi, dereva wa foklifti katika ghala tulilofanya kazi sote, na kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Daktari alipomwanzishia sindano za insulini kwa ajili ya kisukari, tuliamua kumsaidia kwa kufukuza kila kitu kitamu. Tulitupa sukari ya chai, asali, jemu na biskuti, friji tukaijaza soda zisizo na sukari. Akina mama wa kwaya walikuja kukagua makabati wakatupongeza.

Jumapili moja alijidunga sindano asubuhi akaondoka bila kula, maana alilelewa kutotia kitu mdomoni kabla ya komunyo. Misa ikawa ndefu. Mazoezi ya kwaya yakawa marefu zaidi. Mchana alirudi amelowa jasho, mikono inatetemeka. Akavua viatu, akavipanga ndani ya friji, kisha akainua mikono kuiongoza iimbe.

"Sauti ya pili mnachelewa," akaiambia.

Nilicheka sana. Halafu akanigeukia. "Na weye ni nani?"

Kicheko kikanikauka. Nikampa soda, akaimaliza, akarudi kwa waimbaji wake. Nikampigia binamu yangu, muuguzi anayeishi mji wa Katy.

"Umempa soda gani?"

"Ile isiyo na sukari."

"Si ungempa tu maji ya bomba! Anaweza kumeza?"

"Anameza vizuri. Ila anagombana na friji."

"Sukari imemshuka, mpe sukari sasa hivi. Akishindwa kumeza usimtie kitu mdomoni, piga 911 waje na ambulensi."

"Dada, humu hakuna sukari. Tuliifukuza."

Akashusha pumzi. "Fungua droo ya vipakiti vya bure vya mikahawani. Kila nyumba Marekani inayo."

Na sisi tulikuwa nayo. Chumvi, pilipili, na vipakiti vya tomato sosi, yenye sukari ndani ingawa hakuna aliyewahi kuihesabu kuwa kitu kitamu. Nikaanza kumkamulia mdomoni kimoja baada ya kingine, huku akidai kuna mtu amesahau chipsi.

"Sasa ngoja. Usikate simu," binamu akasema.

Mimi siwezi kungoja bila kuuliza. Shule niliiacha mapema, maswali hayakukubali kuachwa. "Kwani sukari yake imekwenda wapi?"

"Kwenye misuli. Insulini hufungulia misuli mlango, nayo imevuta karibu sukari yote ya kwenye damu."

"Na ubongo?"

"Ubongo hauhitaji insulini. Mishipa yake ya damu ina kuta zilizozibwa vizuri, sukari haipenyi tu ovyo. Ndani ya kuta kuna wabebaji. Wanaipokea upande wa damu, wanaishusha upande wa ubongo."

"Kama sisi ghalani."

"Haya, kama nyinyi. Lakini hawawezi kubeba ambacho hakijaletwa. Damu ikiwa tupu wanasimama tu, na ubongo hauna akiba ya maana. Ndipo hapo mtu anaongea na friji."

"Wabebaji wenyewe wameumbwa na nini?"

"Protini. Wewe, mwangalie mgonjwa!"

Nilimwangalia. Jasho lilikuwa limepungua. Alikuwa akiramba midomo polepole, uso umekunjamana.

"Muulize jambo la humo nyumbani, tuone kama akili imerudi," binamu akaamuru.

Nikafikiri. "Kati yetu, nani anapika ugali mbaya?"

Alitazama friji, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha kidole, kikatua kifuani pangu. "Huyu. Ugali wake una mabonge kama mawe."

Kule Katy nilisikia mtu akipiga makofi.

Binamu aliagiza mgonjwa ale chakula cha kweli mara moja, tena kesho ampigie daktari wake kuhusu kujidunga na kufunga, na sukari irudi nyumbani leo leo. Nikapasha kiporo cha ugali na maharage. Alipokuwa akila nilimweleza habari za wabebaji, tangu mwanzo, kwa mikono yote miwili.

Alisikiliza akitafuna. "Hao watu, hata Jumapili wako kazini?"

"Hata Jumapili."

"Bila mapumziko?"

"Bila."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanisogezea sahani. "Basi wape mzigo mwingine. Toa mabonge kwanza."