Njia ya Bi Raya Kwenda Haili

Mhandisi alikunjua ramani juu ya boneti la gari lake, akaikandamiza kwa mawe manne, kisha akamwambia mama mkwe wangu kwa adabu kabisa kwamba njia anayoisema haipo.

"Haipo wapi?" akauliza Bi Raya.

"Kwenye ramani, mama."

"Basi hiyo ramani yako haijui kutembea."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Mhandisi naye akacheka kidogo, lakini hakuikunja ramani. Jina lake Talal, kijana wa mjini wa miaka kama thelathini. Ofisi yake ilikuwa imemtuma kupima ardhi ya milima yetu. Karatasi aliyokuja nayo ilisema hivi: ardhi yoyote ya juu isiyo na njia ya miguu, wala mtu anayeilima, itahesabiwa kuwa ni jabali tupu lisilo na mwenyewe. Na kampuni fulani ilikwisha kulitaka jabali hilo ijenge nyumba ya wageni.

Jabali lenyewe ni Haili, alikozaliwa Bi Raya. Ni matuta ya shamba yaliyopangwa kwa mawe, kijito kimoja, na vyumba vitano vilivyojibana chini ya mwamba unaoning'inia. Kufika huko hupandi kwa gari wala kwa punda. Unaingia korongoni nyuma ya kijiji, unaparamia mawe saa nne au tano, basi. Watu wa Haili waliteremka wote barabara ilipofika kijijini, mwaka aliozaliwa mume wangu Mundhiri. Mimi nimeolewa hapa miaka kumi na tisa sasa, nikitokea Maskati, kwetu tuliorudi kutoka Unguja. Bi Raya huniita "Mswahili wangu", na nimeshindwa kujua hadi leo kama ni mapenzi au ni kejeli.

"Nimerusha droni huko juu," Talal alisema. "Nimeona magenge tu, mama. Mbuzi mwenyewe hapiti."

"Mbuzi wa nani?"

Mundhiri akaingilia. "Mama, yaishe. Una miaka sitini na nne, na goti lako unalijua. Miaka miwili hujapanda. Mwache bwana amalize kazi yake."

Bi Raya hakumtazama mwanawe. Alimwambia mhandisi, "Kesho, baada ya sala ya alfajiri. Mwenye miguu aje."

Usiku huo Mundhiri alinieleza mpango wake: mtu yeyote asimsindikize mama, naye atakata tamaa mwenyewe. Alfajiri aliponikuta najaza maji kwenye chupa, akasimama mlangoni.

"Shadya, unakwenda wapi?"

"Kumbebea mama maji."

"Nilisema asiende mtu."

"Ulisema. Nilikusikia."

Tukatoka watatu. Bi Raya mbele, kajifunga kiunoni kamba ya singa za mbuzi aliyoisokota mwenyewe, viatu vyake vya plastiki kavitia kwapani. Talal katikati, na mabuti mazito yenye kucha chini. Mimi nyuma na maji, tende na mkate.

Mwanzo wa korongo ni changarawe, na mtu hujiona hodari hapo. Halafu kuta zinasogeleana, na mawe yanakuwa makubwa kama magari, yamelainishwa na mafuriko mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Hapo unaacha kutembea, unaanza kutambaa: kiganja, goti, kiwiko, tumbo. Bi Raya alipita kama anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Kila tulipokwama alionyesha kwa kidole tu, na pale alipoonyesha palikuwa na kishimo cha kidole cha mguu, kimelainika kwa nyayo za watu wengi.

"Viatu vyako vizuri, mwanangu," alimwambia Talal. "Vya wapi?"

"Dubai, mama."

"Huko kuna milima?"

"Hakuna."

"Nilidhani."

Jua lilipotufikia, mwamba ukaanza kuwaka. Talal alikuwa akihema, shati limemganda mgongoni, lakini nilimwona akipima kila kishimo kwa utepe na kukiandika. Penye jabali lililokatika alikuta mawe bapa yamechomekwa ukutani moja juu ya jingine, ngazi kamili ya vidato kumi na viwili. Akakipapasa cha kwanza.

"Hii imejengwa na mtu," akasema.

"Babu yangu. Wewe uliona magenge tu."

Akaandika, tukapanda.

Mashaka yalitukuta mahali panapoitwa Mlangoni. Korongo hapo ni jembamba kama ushoroba, na jiwe kubwa kuliko chumba limenasa katikati ya kuta mbili. Siku zote gogo la mtende lenye vidato lilisimamishwa hapo, watu wakalipanda. Siku ile gogo halikuwapo. Mvua ya juzi usiku ilikuwa imelichukua, ikaacha vijiti na tope kwenye ufa.

Bi Raya alisimama akipatazama muda mrefu. Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimechoka na naogopa.

"Basi, mama," Talal akasema taratibu. "Umejitahidi. Nitaandika kwamba zamani palikuwa na njia."

"Kwani nani kasema basi?"

"Gogo limeondoka."

"Ukuta je? Nao umeondoka?"

Akaenda kwenye ule ufa, akaegemeza mgongo upande mmoja, akakanyaga upande wa pili, akaanza kujisukuma juu. Mguu, mgongo. Mguu, mgongo. Nikamwita ateremke. Akaniambia ninyamaze, namharibia pumzi. Alipofika kimo cha watu wawili, goti likamsaliti. Nililiona likitetemeka, kisha mguu ukachomoka. Akaporomoka kama urefu wa mkono mmoja hivi, akajibana kwa mabega, nguo ikachanika na ngozi ikabaki mwambani. Talal alinyoosha mikono kana kwamba angeweza kumdaka.

Bi Raya alikaa pale amejibana, macho kayafumba. Nilidhani analia. Alikuwa akiligombeza goti lake. "Hebu wewe," alikuwa akiliambia, "umekula chakula changu miaka sitini na nne, leo ndiyo hunijui?"

Akaurudisha mguu ukutani, akaendelea.

Alipotokeza juu alifunga kamba kwenye mwamba, akatuteremshia. Nikapanda mimi kwanza, nikilia njia nzima. Talal alipofika katikati akaganda. Vidole vimeshika kamba, macho yanatazama chini, hapandi, hateremki.

"Talal," Bi Raya akamwita. Alikuwa hajamwita kwa jina kabla. "Usitazame chini. Nitazame mimi usoni, ingawa si pa kutazamika."

"Siwezi, mama."

"Ulikuja kuniambia njia hii haipo. Kwa hiyo hapa hapapitiki, na wewe hupo hapo. Sasa mtu ambaye hayupo ataangukaje? Lete mguu wa kulia."

Kicheko kikamtoka, cha mtu aliyekaribia kulia, na mguu wa kulia ukaja.

Baada ya Mlangoni ni ukingo mwembamba ubavuni mwa genge, unapita umelaza kifua kwenye mwamba. Halafu korongo likafunguka, na nikasimama pale pale.

Nilitazamia kuona magofu. Mbele yetu palikuwa na ngano, kijani, imefika magotini, tuta zima la kwanza na nusu ya la pili. Mfereji ulikuwa umesafishwa, maji yanapita. Mikomamanga mitatu ilikuwa imepogolewa. Ukutani pamening'inizwa jembe.

"Mama," nikasema, "nani kalima?"

Alikuwa akiosha jeraha lake mferejini. "Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Na mimi huenda wapi kila Jumatatu?"

"Kwa dada yako Ghaya. Kunywa kahawa."

"Ghaya anajua kunyamaza," akasema Bi Raya.

Miaka miwili. Jumatatu zote hizo Mundhiri alikuwa akimsalimia jioni na kumuuliza habari za Ghaya, naye akamjibu kwamba Ghaya mzima, anakusalimu.

Talal alipiga magoti, akaishika ngano kama mtu anayetaka kuhakikisha si ya kuchorwa. Kisha akafanya kazi yake. Alipima matuta, akapiga picha mfereji na vyumba, akaandika mpaka karatasi zikamwishia. Tulipokaa kula tende akamuuliza, "Kwa nini hukuwaambia watoto wako?"

"Wangeniomba nisipande. Kukataa kila siku kunachosha. Nikaona nikatae mara moja."

Tulipoteremka, Mundhiri alikuwa mdomoni mwa korongo, kasimama juani tangu adhuhuri. Aliiona nguo iliyochanika na damu iliyokauka, akaona na uso wangu. Nikamwambia habari ya ngano, kwa sababu mtu ilibidi aseme.

"Umenidanganya miaka miwili," akamwambia mama yake.

"Ndiyo."

"Na ungeanguka huko peke yako?"

"Ningeanguka nikienda kwangu. Wewe ulitaka nianguke wapi, sebuleni?"

Mundhiri hakusema naye siku nne. Siku ya tano alikata mtende nyuma ya nyumba, akauchonga vidato, akawakusanya binamu zake, wakaupandisha Mlangoni kwa kamba wakitukana njia nzima. Aliporudi alikuwa na suke moja la ngano mfukoni. Aliliweka mezani mbele ya mama yake, akakaa kula.

Barua ya ofisi ilikuja baada ya miezi minne. Haili imeandikwa shamba la Bi Raya binti Saidi na ndugu zake, na njia imetambuliwa. Lakini mgongo wa mlima ulio juu yake, walikochungwa mbuzi wa baba yake, umebaki jabali tupu, na kampuni ingeuchukua, ikiufikia kwa barabara ya upande wa pili. Alitakiwa atie kidole kwamba ameridhika na yote mawili.

Hakutia. Amekwenda ofisini mara tatu tangu hapo, nami humsomea karatasi. Mara ya mwisho karani alimwambia kwa upole kwamba nusu ya haki ni bora kuliko kukosa, na watu wengi wa umri wake wangeshukuru.

"Washukuru," Bi Raya akamjibu. "Mimi niandikie lini nirudi."