Mwanamuziki Aliyejicheka Sebuleni Kwetu

Nina shukrani kwa mtu ambaye hajui kwamba namshukuru. Ni mwanamuziki wa Goma, na zamani kidogo alikuwa mteja wangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Gisenyi, na cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha duka, kando ya njia inayoshuka Petite Barrière, mpaka mdogo wa Rwanda na Kongo ambao wafanyabiashara na wachukuzi huvuka kila siku. Alikuja kwa miguu, akitaka koti la harusi ya mdogo wake. Nilipompima mabega alisimama wima, na nilipomaliza akanishukuru mara mbili. Nikamhesabu miongoni mwa watu wenye adabu.

Kwa hiyo mwaka jana binti yangu, mwenye miaka kumi na mitano, aliponionyesha tamthilia ya vichekesho ambamo mwanamuziki huyo anaigiza kama yeye mwenyewe, kwa jina lake lilelile, nilikasirika kwa niaba yake. Mle ndani mtu wangu ni mwongo na mlevi. Analala bafuni na viatu vyake, anawadanganya wanawake watatu kwa simu moja, anagombana na mpishi kwa sababu ya paja la kuku. Nilidhani kuna adui anampaka matope.

"Papa, hakuna mutu anamuchafua," binti akasema. "Ni yeye njo anajicheka mwenyewe. Yeye njo aliandika yote."

Sikuelewa. Mtu Mungu amempa jina zuri, anapata nini kujifanya mpumbavu mbele ya watoto wa watu? Nikapiga marufuku palepale.

Niseme ukweli, tamthilia haikuwa shida yangu kubwa. Shida ilikuwa kwamba mtoto alikuwa ananiponyoka. Miaka yote, akitoka shule, alipita kibarazani, akanisomea vipimo daftarini, akanisimulia walimu wake, tukarudi nyumbani pamoja. Muhula ule aliacha kupita. Alizunguka njia ya juu, ambayo ni ndefu zaidi, na nikifika nyumbani namkuta ameshavua sare. Nikimuuliza, anasema alikuwa na haraka. Iliniuma, nikatafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni mwanamuziki.

Kwetu mambo ya ulevi na mabusu baba hayazungumzi na binti yake. Hiyo ni kazi ya shangazi. Mabusu yakitokea kwenye televisheni, baba hukumbuka ghafla kwamba ameacha kitu nje. Mimi nimekwenda kukagua kufuli la geti mara nyingi kuliko mlinzi wa benki. Mke wangu anafanya kazi Kigali na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nikampigia dada yangu aliyeolewa Goma, nikamwomba avuke aje amuonye mtoto.

"Bon, sikia," akasema. "Ile filme mi naiangalia na batoto yangu. Kuko mambo mubaya, kuko na mazuri. Donc we keti naye, muangalie yote, kisha utasema kama inafaa."

"Mimi, baba yake?"

"Kwani macho iko ya bashangazi tu?"

Nikapiga moyo konde. Jumapili mchana, baada ya kula, tukaketi kwenye kochi moja, mimi pembe hii, yeye pembe ile. Tulikubaliana kwamba mabusu yakija mimi nitaangalia dari, yeye atasogeza mbele, kisha atasema, "Papa, imeisha." Dari ile ninaijua vizuri sasa. Kuna maneno mle sikuyapenda na hata leo siyapendi, na mtoto wa miaka kumi singemwachia. Lakini nilicheka, hasa kwa lile paja la kuku. Nikaona pia kwamba binti yangu ameshanitangulia. Kila mwanamuziki alipoanza kudanganya, alininong'oneza, "Sasa anaenda kuaibika," na kweli aliaibika.

Tukafika kwenye sehemu ya karamu. Mwanamuziki yuko hotelini ufukweni mwa ziwa, amezungukwa na wageni wenye suti. Baba yake anatokea kutoka kijijini, amevaa buti za shambani na amebeba kikapu cha viazi. Mgeni mmoja anauliza, huyu mzee ni nani? Mwanamuziki anajibu kwamba ni mtu wa bustani. Mzee anamtazama kidogo, anaweka kikapu chini, anainama na kuanza kuokota majani.

Nikawa mbogo. Nikasimama, nikasema basi, zima, mtu anayemkana baba yake hawezi kuwa somo nyumbani kwangu. Nikamgeukia binti nikitegemea atabisha. Alikuwa analia, kitenge mdomoni.

"Papa, hata mi nilisema hivi," akasema.

Alinieleza bila kuniangalia. Wenzake wapya wa shule walikuwa wanateremka naye siku moja, mimi nikampungia mkono kutoka kwenye cherehani, wakamuuliza mimi ni nani. Akawaambia ni fundi anayetushonea tu. Tangu siku hiyo hakuweza kupita pale pamoja nao, na hata akiwa peke yake aliona haya kunitazama.

Nilikaa chini. Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni, yale ya jasho langu na karo yako. Sikuyasema, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu. Alikuwa mchukuzi pale mpakani, akibeba mizigo ya watu mgongoni. Nikiwa na umri wa binti yangu nilikutana naye njiani, nikiwa na wenzangu, naye ameinama chini ya gunia la vitunguu. Akaniita kwa jina. Nikawaambia wenzangu simjui. Alisikia. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, na hatukuligusa jambo lile. Nilikua, nikaoa, nikawa nakaa naye siku nzima, na kila mara maneno yalifika kooni nikayameza. Tulimzika sijayasema.

Nilimsimulia binti yangu yote hayo, televisheni bado inawaka. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia, hata mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama bibi alinisamehe.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumpa nafasi ya kunisamehe. Wewe umenipa mimi."